Funguo za duka la Kihonda

Juzi nilimtuma binti wa kaka yangu, yule wa maswali, aende steshenari akanitolee kopi za vyeti. Akanipigia simu akiwa bado kwenye foleni ya mashine. "Shangazi, hivi vyeti viwili vya fomu foo vyote ni vyako? Mbona kimoja namba yake inaanza na S, na hiki kingine P?" Nyuma yake nikasikia mtu anacheka, nadhani mwenye mashine. Nikamwambia atoe kopi vyote, tutaongea nyumbani. Nyumbani hatukuongea. Umeme ulikatika, yeye akalala, mimi nikabaki macho.

S ni ya shule. P ni ya watahiniwa wa kujitegemea, yaani sisi tuliorisiti, tuliorudia mtihani. Tofauti ni hiyo tu, ila kuna watu wazima na heshima zao ambao wameificha hiyo P mpaka kwa wake zao. Mimi siifichi, na wala siitangazi.

Cheti cha S ni cha 2012. Wa mwaka ule tunajuana. Matokeo yalipotangazwa Februari 2013, zaidi ya 240,000 tulikuwa na sifuri, na tulikuwa wengi kiasi kwamba Waziri Mkuu wa wakati ule, Mizengo Pinda, aliunda tume. Mei yakafutwa, yakapangwa upya. Mpango huo mpya ulinipandisha kutoka sifuri hadi divisheni ya nne bila mimi kufungua daftari hata moja katikati. Mama yangu mzazi alichinja kuku. Nilimla yule kuku huku najua kwamba Kemia bado ni F na Fizikia bado ni F, na kwamba chuo cha utabibu hakiulizi habari za tume. Kinataka Kemia, Baiolojia na Fizikia. Nikarisiti, nikaambulia D ya Baiolojia. Cheti cha safari hiyo sikwenda hata kukichukua, ndiyo maana binti hakukiona.

Kaka akanitafutia kazi Morogoro mjini, kwa Mama. Wasomaji wa zamani mnamkumbuka Mama. Alikuwa muuguzi mstaafu, mwenye duka la dawa muhimu ambalo wateja wote waliliita dawa baridi, na wanaliita hivyo mpaka leo hata ubadilishe kibao mara ngapi. Mwenye mafunzo ya kutoa dawa alikuwa yeye. Mimi nilifagia, nilipanga rafu, niliuza pampasi na dawa za kutuliza maumivu, na nilimwita akija mtu mwenye karatasi ya daktari. Wakija wanaotaka sindano niliwaambia hapa hatuchomi, nao walinitazama kwa hasira kana kwamba sheria nimetunga mimi.

Sasa siku ya funguo. Ilikuwa Februari 2015, saa nane mchana, joto lile la Morogoro la kabla ya masika, feni inazungusha upepo wa moto tu. Mama alikuwa amekaa kwenye stuli yake nyuma ya kaunta, miwani inaning'inia kifuani kwa kamba, daftari la mauzo mbele yake. Akalifunga. Akaingiza mkono kwenye mkoba, akapekua muda mrefu, akatoa funguo mbili za kufuli za Solex zilizofungwa pamoja kwa kipande cha bandeji. Bandeji safi, fundo limekazwa kiuguzi. Akaziweka juu ya kioo cha kaunta, upande wangu, pale ambapo chini yake tulipanga maboksi ya dawa mseto.

"Za Kihonda," akasema. "Fremu nimelipia mwaka mzima. Rafu fundi analeta Ijumaa."

Kihonda ni hapo hapo Morogoro mjini. Nilijua alikuwa anatafuta fremu ya duka la pili. Sikujua kwamba alikuwa anaitafuta kwa ajili yangu. Akaendelea kwa ile sauti yake ya wodini, taratibu, akinitazama mpaka aridhike kwamba nimeelewa kila kipengele. Kozi atanilipia yeye, mpaka nipate cheti changu cha kutoa dawa. Nikimaliza, duka la Kihonda nitaliendesha mwenyewe. Mshahara utakuwa mara mbili ya niliokuwa napata. Nyuma ya fremu kuna chumba chenye mlango wake, nitalala humo, kodi silipi. Na koti jeupe atanishonesha.

Nikaziangalia zile funguo. Zilikuwa mpya, bado zina mafuta ya dukani, na mafuta yameacha alama kwenye kioo. Kwenye mfuko wa sketi yangu nilikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne. Asubuhi ile, kabla sijafungua duka, nilikuwa nimekwenda kulipia ada ya mtihani. Ile hela ilikuwa ya mchezo. Tulikuwa tunacheza wanawake wa pale mtaani, tunachanga na kupeana kwa zamu, na zamu yangu nilikuwa nimeisubiri tangu kabla ya Krismasi. Muda wa kujisajili bila faini ulikuwa unakaribia kwisha. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote, hata mwenzangu niliyekuwa nalala naye chumba kimoja.

Akaingia mtoto. Wa darasa la pili, au la tatu, kandambili moja ya bluu nyingine ya kijani, kiganja kimefumbwa.

"Shikamoo. Nipe Panadol za mia mbili."

Nikamkatia. Mama akamwuliza nani anaumwa. Mama yake. Ana homa? Ndiyo. Tangu lini? Tangu juzi. Basi mwambie aende zahanati akapime malaria, Panadol peke yake haimtoshi, umesikia? Mtoto akasema amesikia. Sote watatu tulijua ujumbe huo hautafika. Alipofumbua kiganja sarafu ilikuwa ya moto na imelowa jasho, na alipokuwa anachukua vidonge mkono wake ulizigusa zile funguo, zikasogea mpaka karibu na ukingo. Nami nikazirudisha pale pale zilipokuwa. Mpaka leo sielewi kwa nini nilizirudisha badala ya kuzichukua au kumsukumia mwenyewe. Nilizipanga vizuri kabisa, meno yanatazama upande mmoja.

Ningependa kuwaambia kwamba ni yule mtoto aliyenipa moyo. Kwamba nilimtazama nikajiona nikiwa tabibu, mama yake yuko mbele yangu, namwandikia kipimo. Ingependeza, na kuna siku niliwahi kuisimulia hivyo kwenye semina moja, watu wakapiga makofi. Lakini mtoto alipotoka, nilichokuwa nakiwaza mimi ni kwamba ada ya mtihani hairudishwi.

"Mama, samahani," nikasema. "Mimi nataka kurisiti."

"Kurisiti nini?"

"Kidato cha nne."

"Si ulisharisiti?"

"Ndiyo, Mama."

"Ikawaje?"

Alijua ilivyokuwa, maana karatasi ya matokeo ndiyo aliyoisoma siku ananiajiri. Nikamjibu hata hivyo. Akavua miwani ambayo hakuwa ameivaa, yaani aliishika tu pale kifuani akaiachia.

"Mimi nilianza kwa kufagia wodi," akasema. "Miaka. Mimi hakuna aliyeniwekea funguo mbele."

Nikanyamaza.

"Na ukifeli tena?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali mengine. Nitakula nini, nani atanilea, umri unakwenda, hayo yote nilikuwa nimeyajibu kichwani usiku kwa usiku. Hili sikuwa nimelifikia. Nikasema, "Nitakuwa nimefeli, Mama." Ndivyo lilivyotoka. Likisomwa sasa linaonekana kama neno la mtu mwenye msimamo, lakini mngesikia sauti yangu mngejua ni neno la mtu aliyekosa neno.

Tuliosimuliwa habari za kuthubutu tunasimuliwa daima mtu akimkatalia mbaya wake: bosi anayekunyanyasa, mchumba mwenye mkono mwepesi, baba anayetaka kukuoza. Simulizi za namna hiyo zina pa kushikia. Yule niliyekuwa namkatalia mimi ndiye aliyenilaza sebuleni kwake nilipougua taifodi, akawa ananiamsha usiku ninywe maji. Hakunionea kwa lolote. Alikuwa ananipa kitu kizuri, mimi nataka kingine, na hapakuwa na njia ya kulisema hilo bila kuonekana sina adabu. Nilichokiogopa pale kwenye kaunta wala si umaskini. Nilikuwa naogopa uso wake.

Uso wake haukufanya kitu. Akanyoosha mkono, akazichukua funguo, akazirudisha kwenye mkoba, akavuta zipu. Kisha akapangusa ile alama ya mafuta kwenye kioo kwa ncha ya kitenge chake.

"Haya," akasema. "Hebu angalia ORS zimebaki pakiti ngapi."

Nikaenda kuhesabu. Nilihesabu nikasahau, nikaanza tena.

Yaliyofuata nayapitia harakaharaka. Mama mzazi alipopata habari alilia kwenye simu. Kaka alinipa ile ya usiache mbachao kwa msala upitao, akanipa tena siku ya pili, na baada ya hapo akaacha kupokea simu zangu kwa muda mrefu. Leo ndiye huyo huyo anayewaambia watoto wake kwenye kila sherehe, soda mkononi, "Mwigeni shangazi yenu, alipewa duka akalikataa." Huwa namwacha amalize.

Funguo alizichukua yule niliyekuwa nalala naye chumba kimoja, na mimi ndiye niliyempeleka kwa Mama nikamwambia huyu ni mwaminifu. Mimi nilibaki duka la zamani mpaka katikati ya mwaka, kisha nikaacha nikasome. Kemia tulifundishwa jioni na kijana wa SUA, chuo kikuu cha kilimo cha hapo Morogoro, aliyekuwa hajamaliza chuo, darasa la mabati, ubao umepasuka katikati kiasi kwamba milinganyo yote ilikuwa na mshale wa ziada. Moli zilinisumbua mpaka nikawa naziota. Halafu zikaingia, sikumbuki lini.

Mtihani ulikuwa Novemba 2015, mwezi uleule Rais Magufuli alioapishwa, kwa hiyo mtaani hakuna aliyekuwa na habari na sisi. Chumba chetu kilikuwa na askari polisi, kilikuwa na dereva wa bodaboda aliyekuwa anaacha helmeti mlangoni, na mama mmoja ambaye mtoto wake alikuwa nje na bibi yake. Mtoto akilia, wote tulikuwa tunaacha kuandika kidogo. Matokeo yalipotoka nilikuta Kemia C, Baiolojia C, Fizikia D. Ile D ya Fizikia naipenda kuliko zile C zote mbili.

Nikaenda chuo, nikamaliza 2019. Hapo ndipo wengi mnafikiri hadithi imekwisha. Nilijitolea kwenye kituo cha afya bila mshahara, posho ikipatikana sawa, isipopatikana unakunywa chai ya rangi unaendelea kuandika vipimo. Kila mkeka wa ajira, yaani orodha ya waliopangiwa kazi, ulipotoka niliusoma jina kwa jina mpaka mwisho, hata kwenye mikoa nisiyoomba. Mama aliposikia alinipigia. Hakunicheka. Aliniuliza tu nalipwa shilingi ngapi, nikamwambia kwa sasa sijalipwa. Akasema, "Kihonda wanalipwa tarehe 28." Akabadilisha mazungumzo, akaniuliza habari za dawa zake za presha.

Mwenzangu kule Kihonda mambo yalimnyookea. Kozi alilipiwa, akaendesha lile duka vizuri, akanunua kiwanja, akajenga, sasa ana duka lake mwenyewe na wasichana wawili anaowalipa. Akija mgonjwa wa homa ya siku tatu anamwambia aende akapime, kwa ile sauti ya Mama kabisa, na nina hakika wapo wanaokwenda kwa sababu yake. Nikiwa kwenye foleni ya wagonjwa wangu siku za Jumatatu huwa najiuliza kama kati yetu kuna aliyeshinda, halafu anaingia mgonjwa mwingine.

Watu wakiniuliza nilipata wapi ujasiri nawatajia ile karatasi ya malipo, wanadhani natania. Kweli nisingekuwa nimelipa asubuhi ile, mchana ningechukua funguo. Mwanafunzi mmoja wa mazoezi akanirudishia swali: sasa asubuhi nani alikutuma kulipa? Nikamwambia akamalize kuandika faili.

Nilipopangiwa kituo hatimaye, kilikuwa mbali, Malinyi, na cha kuripoti nacho sikuwa nacho: nauli, godoro, jiko la gesi. Aliyenikopesha ni yule yule aliyechukua funguo. Alinitumia kwa simu, pamoja na ya kutolea. Nilimlipa kwenye mshahara wa tatu, maana wa kwanza ulichelewa na wa pili ulikuta madeni mengine yametangulia.