Kaburi la Kupanga: Kwa Treni kutoka Hamburg hadi Hallstatt

Ndani ya makaburi ya Ohlsdorf, kaskazini mwa Hamburg, hupita mabasi ya abiria. Si mabasi ya msiba. Ni mabasi ya kawaida ya jiji yenye vituo vyake katikati ya makaburi. Mtu anashuka na maua mkononi, mlango unafungwa, dereva anaendelea. Eneo lina takriban hekta 390 na lilifunguliwa mwaka 1877, baada ya makaburi ya zamani ya mji kujaa. Usipoangalia chini utadhani uko bustanini: vidimbwi vya bata, vichaka vya rododendroni virefu kuliko mtu, wazee juu ya baiskeli. Kwetu Tanga mtu hupita mavani kwa salamu na mwendo wa haraka. Huku wanaleta watoto wachanga wapunge upepo.

Nilikwenda kwa ajili ya kaburi moja, la Sayyida Salme binti Said, binti wa Sultani wa Zanzibar, aliyezaliwa Unguja mwaka 1844 katika jumba la Mtoni na kufa Ujerumani mwaka 1924 akiitwa Emily Ruete. Habari zake watu wa pwani wanazijua: alipendana na mfanyabiashara wa Hamburg, akaondoka kisiri mwaka 1866 kwa meli ya kivita ya Waingereza, akabatizwa na kufunga ndoa Aden mwaka uliofuata. Mwaka 1870 mumewe akafa kwa ajali ya tramu ya farasi, naye akabaki na watoto watatu katika mji wa baridi ambao haukuwa na haja naye. Amelazwa katika eneo la ukoo wa mume. Inasemekana kati ya vitu vyake ulikutwa mfuko mdogo wa mchanga wa Zanzibar, wakamzika nao.

Mwaka 2019 Hamburg iliupa uwanja mmoja mdogo jina lake, kisha ikaliondoa, baada ya watu kusoma upya kumbukumbu alizochapisha mwaka 1886 na kuona jinsi alivyoutetea utumwa. Sidhani waliolifuta walimwonea. Hata hivyo nilisimama pale kaburini kwa muda mrefu, maana ni yeye peke yake katika hekta zote zile ambaye ningeweza kumsalimia kwa lugha yangu akaitika.

Nilikuwa na dada yangu, binti wa mama mkubwa, mkazi wa Hamburg tangu enzi za masomo. Tukirudi kituoni nikaona jiwe moja limebandikwa karatasi ya manjano.

"Hili nalo limefanya nini?"

"Wanatafuta ndugu. Mkataba umeisha."

"Mkataba wa nini?"

"Wa kaburi, mdogo wangu. Huku kaburi unapanga."

Sikumwamini mpaka alipoanza kunichambulia. Hamburg kaburi hupewa miaka 25. Ikiisha, ndugu wakitaka waongeze, walipe tena, kama kaburi ni la aina inayoruhusu; wasipojitokeza, jiwe linaondolewa na ardhi inapewa mwingine. Kuna makaburi ya ukoo yaliyolipiwa vizazi na vizazi, ila hayo ni ya wenye nacho. Tena kaburi lazima litunzwe: udongo upandwe begonia wakati wa joto, miti midogo ya majani mazito wakati wa baridi, na asiye na nafasi huajiri watunza bustani maalumu wamfanyie kwa malipo ya mwaka. Makopo ya kumwagilia maji yamefungwa kwa minyororo yenye kufuli karibu na bomba, kila ukoo na lake. Hapo ndipo nilipocheka. Watu wameaminiana kuacha maua ya bei kubwa usiku kucha bila mlinzi, lakini kopo la plastiki wanalifunga.

Dada hakucheka. Wiki ile kikundi chao cha msiba kilikuwa kinachangisha kumrudisha nyumbani mtu wa Mombasa. Kusafirisha mwili kunakula maelfu ya yuro, na kila simu ikilia alikuwa anasoma jina la aliyetoa na kiasi chake. "Waislamu wana sehemu yao hapa mjini," alisema, "na Hamburg wanaruhusu sanda bila jeneza. Lakini watu hawataki. Wanaogopa hiyo karatasi ya manjano."

Kutoka Hamburg treni ya Prague hupitia Berlin na Dresden. Hadi Dresden ni tambarare na mitambo ya upepo, sina la kusema. Baada ya hapo reli inaungana na mto Elbe, na miamba ya mchanga inapanda pande zote mbili mpaka unavuka mpaka wa Cheki bila kuulizwa chochote. Kaa upande wa kushoto. Au fanya kama nilivyofanya mimi, nenda behewa la chakula la Wacheki, ambako bado wanakupa sahani ya kauri na kisu cha kweli. Nilikula nyama ya ng'ombe katika mchuzi mzito wa mboga na krimu, pamoja na matonge ya mkate wa kuchemsha, milima ikipita dirishani.

Makaburi ya zamani ya Wayahudi katika mtaa wa Josefov, Prague, yanalipiwa kiingilio, na mwanamume hufunika kichwa. Jiwe la zamani kuliko yote lina tarehe ya mwaka 1439. Mazishi ya mwisho yalikuwa mwaka 1787. Katikati ya miaka hiyo Wayahudi hawakupewa ardhi ya kutosha, na sheria ya dini yao hairuhusu kaburi kuvunjwa. Wakaleta udongo. Waliokufa wakazikwa juu ya waliokufa, na kila safari mawe ya chini yakapandishwa juu pamoja na mapya, kwa hiyo leo kuna sehemu zenye tabaka hadi 12 na mawe yapatayo 12,000 yamebanana, yameinamiana kila upande kama meno ya mzee. Kaburi la Rabi Löw, aliyefariki mwaka 1609, ndilo lenye watu. Wageni huacha kijiwe juu yake, hawaachi maua. Hakuna aliyedaiwa kodi pale, na hakuna aliyeondolewa.

Ukitoka hapo usipite Sinagogi ya Pinkas bila kuingia. Ukutani, kwa mkono, yameandikwa majina ya Wayahudi wa Cheki wapatao 78,000 waliouawa na Wanazi. Hao hawana kaburi lolote. Ukuta umejaa kutoka sakafuni hadi juu, na herufi ni ndogo.

Aliyefunga mazishi ya Josefov ni Mfalme Joseph II, ambaye hakutaka maiti wazikwe ndani ya miji. Nilikutana naye tena Vienna, na huko ndiko nilikomwelewa. Kwenye jumba la makumbusho ya mazishi, chini ya ukumbi mmoja wa makaburi makuu, kuna jeneza la mbao lenye mlango chini. Joseph aliagiza mwaka 1784 litumike na kila mtu: mwili ukishafikishwa juu ya shimo, wenzo unavutwa, mlango unafunguka, maiti anashuka ndani ya mfuko wa kitambaa na jeneza linarudi kwa mwingine. Kuokoa mbao, kuokoa fedha. Watu wa Vienna walikasirika kiasi kwamba baada ya miezi michache ikabidi aifute amri. Nikawaza, mwili ndani ya kitambaa, jeneza la kupokezana: sisi tuna tusi la msikiti, machela ya kubebea maiti, na hakuna aliyewahi kuandamana.

Lakini Vienna ni mji unaopenda mazishi ya fahari. Zamani watu maskini walikuwa wakidunduliza akiba maisha yao yote ili wazikwe kwa farasi weusi na bendi. Makumbusho hayo hayo yanaonyesha kengele yenye kamba ya kufungwa mkononi mwa maiti, endapo angeamka, na kisu cha kuchoma moyo kwa wale waliotaka kuhakikishiwa kwamba hawataamka. Dukani wanauza asali ya nyuki wa makaburini. Nilionja; ni asali.

Makaburi makuu yenyewe yalifunguliwa mwaka 1874 na yana wafu karibu milioni tatu, wengi kuliko wakazi walio hai wa jiji. Yako mbali, na tramu ya kwenda huko ni namba 71. Wakati wa homa kubwa ya mwaka 1918 tramu zilibeba hata maiti, na mpaka leo Mvienna akitaka kusema fulani amefariki husema amepanda 71. Nami nikaipanda, nikiwa hai, nikazungukwa na akina mama wenye mifuko ya mishumaa. Mishumaa hiyo ina adui: hamsta, jamii ya panya wa shambani, wanaoishi makaburini huchimba nta na kuila. Nimemwona mmoja, mashavu yamevimba, kajificha nyuma ya jiwe la mtu mwenye vyeo vitatu.

Mtunzi wa muziki Beethoven yupo, na mwenzake Schubert kando yake. Wote wawili walihamishwa kutoka makaburi mengine mwaka 1888 ili mahali papate heshima. Mozart ana mnara tu. Mwaka 1791 alizikwa kwenye kaburi la kawaida kule kwenye makaburi ya St. Marx, na lilipochimbwa upya kwa ajili ya wengine hakuna aliyeweka alama. Wageni wanapenda kulia wakisikia hivyo, ila ndivyo alivyozikwa karibu kila mtu wa hali yake wakati huo.

Familia ya kifalme ilijigawa: miili kwa watawa Wakapuchini, mioyo katika kanisa la Augustino, matumbo chini ya kanisa kuu la Stefano. Joseph yumo kwenye sanduku la shaba tupu lisilo na pambo, miguuni pa mama yake Maria Theresia ambaye sanduku lake lingeweza kuwa chumba cha kupanga. Nilimheshimu hapo. Alitaka wengine wabane matumizi, naye akabana.

Hallstatt, kijiji cha Austria, nilifika kwa treni inayokushusha ng'ambo ya ziwa, kisha boti. Kijiji kina watu wasiofika elfu moja na siku za msongamano hupokea wageni hata elfu kumi. Mwaka 2023 wenyeji waliweka uzio wa mbao kuziba mahali pa kupigia picha, kelele zikazidi, ukatolewa. Kwa nini kuna kijiji pale? Chumvi. Inachimbwa mlimani tangu kabla ya historia, na kuanzia mwaka 1846 msimamizi wa mgodi, Johann Georg Ramsauer, alifukua karibu makaburi elfu moja ya Enzi ya Chuma, ndiyo maana zama nzima za Ulaya zinaitwa kwa jina la kijiji hiki.

Wafu wa zama hizi wana nafasi ndogo zaidi. Uwanja wa kanisa Katoliki umebanwa kati ya mwamba na paa za nyumba. Zamani kaburi lilifunguliwa baada ya miaka 10 hadi 15, fuvu likasafishwa, likaanikwa nje hadi kuwa jeupe, kisha likachorwa: jina, tarehe, taji la majani ya mwaloni au maua ya waridi. Katika kikanisa cha Mikaeli Mtakatifu yako mafuvu yapatayo 1,200, na zaidi ya 600 yamechorwa. La mwisho ni la mwanamke aliyefariki mwaka 1983. Liliingizwa mwaka 1995, na lina jino la dhahabu. Siku hizi wengi wanachagua kuchomwa, kwa hiyo nafasi imepatikana.

Nilimwandikia dada yote hayo nikiwa kwenye foleni ya boti. Jibu lake likaja kabla sijapanda: "Na huyo mchoraji, analipwa na nani?"