Siku Moja Maishani Mwangu: Magari Yaliyozima Barabara ya Malindi

Saa 1 asubuhi. Begi langu la ufundi wa magari linakaguliwa kabla ya simu kuanza kulia: spana namba 10, 12 na 14, tesita ya umeme, waya za jampa, msasa, lita 10 za maji.

Saa 2. Probox, karibu na Gede. Swali la kwanza kwa simu ni moja: ilizimaje? Iliyokata papo hapo ni umeme au taiming, yaani mkanda au chaini inayoendesha valvu. Iliyokohoa na kuvutavuta ni mafuta. Iliyopanda joto ni maji. Likizima mwendoni, usirudishe ufunguo nyuma mpaka mwisho, usukani utajifunga. Nguvu inayosaidia breki hubaki kwa mikanyago michache tu, kisha pedali huwa ngumu, kwa hiyo kanyaga mara moja, usiachie. Kisha weka laifuseva (pembetatu ya onyo) hatua 50 nyuma.

Probox hii ina chaini ya taiming, si mkanda, na stata inazungusha vizuri. Plagi hazitoi moto. Skana inasoma P0335, yaani sensa ya krenki, inayoiambia kompyuta injini inavyozunguka. Ugonjwa wake unajulikana: ikipoa gari linawaka, ikishika joto linazima tena. Wengi huishia kununua pampu ya mafuta bure. Soketi imelowa oili iliyovuja. Inasafishwa, sensa inabadilishwa.

Saa 5. Pikapu ya dizeli imebeba chumvi, Gongoni. Huku chumvi hula waya kuliko panya. Kwenye pampu ya dizeli kuna solenoidi (valvu ya umeme) ya kukata mafuta. Ikikosa umeme, injini inazima hata tangi likiwa limejaa. Peleka waya kutoka chanya ya betri moja kwa moja hadi kwenye solenoidi: ikilia "tak", solenoidi ni nzima, waya ndio umeoza. Kata palipogeuka kijani, unga upya.

Saa 8 mchana. Matatu inafuka mvuke, darajani Sabaki. Utingo ameshashika ndoo.

"Kaka, weka chini kwanza!"

Maji baridi kwenye injini ya moto huweza kupinda silinda hedi. Subiri nusu saa au zaidi, funika kifuniko cha redieta kwa tambara, legeza kidogo kidogo. Ongeza maji injini ikiwa imepoa. Ikiwashwa mapovu kwenye redieta yasipoisha, au oili ikawa rangi ya chai ya maziwa, gasketi ya hedi imekwenda: abiria washuke, waitiwe gari jingine.

Saa 11. Gari jingine: stata inazunguka kwa wepesi usio wa kawaida. Fungua kifuniko cha oili, chungulia ndani, mwambie mtu apige stata. Kemshafti, shafti inayofungua valvu, isipogeuka, mkanda wa taiming umekatika. Usijaribu tena, valvu zinaweza kugongana na pistoni. Ita brekidauni, na kama ni otomatiki, magurudumu yanayozungushwa na injini yainuliwe juu.