Zamu ya Geti

Tumsifu Yesu Kristo, ndugu wanajumuiya.

Dominika hii, ya tatu ya Majilio, tumewasha mshumaa wa waridi, na Misa imefunguliwa kwa neno la Paulo kwa Wafilipi: furahini. Kisha analirudia papo hapo, nasema tena, furahini. Mimi ni mwalimu, na najua mtu harudii neno darasani ila akiona nyuso zimemkodolea macho tu. Nyuso zetu mwezi huu mnazijua. Nauli ya Magharibi inapanda kila ukiamka, Januari iko pale mbele na karo yake na sare zake, na ushago wanapiga simu kuuliza mnafika lini na mnakuja na nini.

Paulo mwenyewe aliandika akiwa kifungoni. Katika sura ya kwanza ya barua hiyohiyo anawataja askari waliokuwa wakilinda pale. Kwa hiyo neno hili lilitoka kwa mtu ambaye mlango wake ulifungwa kwa nje na mlinzi hayuko mbali. Wiki hii nzima sijamfikiria Paulo sana. Nimemfikiria mlinzi.

Mwaka juzi, tarehe 23 Desemba, nilifika kituo cha mabasi cha Machakos hapa Nairobi, kile watu hukiita Machakos Airport kwa mzaha, nikiwa na wanangu wawili, begi tatu na mikate sita. Mikate ya nyanya yao. Mnajua mtoto wa mjini hawezi kufika kijijini mikono mitupu. Nilikuwa nimelipia viti wiki mbili kabla. Kampuni sitaitaja. Nilipopanda, kwenye viti vyetu alikuwa amekaa mzee na mkewe, na risiti yao ilikuwa halali kama yangu, nambari zilezile, muhuri uleule. Ningewatoa vipi? Makanga akaniambia, "Mama, subiri hiyo ingine." Hiyo ingine ilikuja saa nne usiku na nauli yake ilikuwa mara tatu. Saa sita wanangu walikuwa wamelala juu ya mabegi, na mimi nilikuwa nimelia nikamaliza. Tukarudi Umoja. Mikate miwili ilikuwa imelaliwa.

Asubuhi ya tarehe 24 niliamkia ploti ambayo sikuijua. Ghorofa tano, na kwenye ngazi husikii hata mlango. Maji, ambayo mwaka mzima huishia ghorofa ya pili, yalipanda mpaka kwangu juu bila kubembelezwa. Nilifua kila kitu nilichokuwa nacho kwa hasira, nikapanda kuanika, na kule juu ya paa, kati ya matangi meusi na kamba za nguo ambazo siku nyingine tunazigombania, nikamkuta nesi wa ghorofa ya tatu amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, ametoka zamu ya usiku, anakunywa chai. Na yeye hakupewa likizo. Akaniuliza nina nini nyumbani. Nikamwambia mikate.

Ndivyo ilivyoanza. Tukagonga milango tuone nani amebaki. Alikuwapo dada mmoja ambaye waajiri wake walikuwa wamesafiri wakamwacha achunge nyumba. Alikuwapo kijana wa chuo kutoka Sudan Kusini, ambaye kwao hakufikiki kwa nauli yoyote. Mama mboga wa hapo nje, mjane, alikuja na wajukuu watatu na sukumawiki ambayo ingenyauka. Na familia moja changa iliyopata mtoto juzi tu. Tulikuwa kumi na watatu ukimhesabu na huyo mchanga.

Siku ya Krismasi, baada ya Misa ya asubuhi, tulipandisha majiko mawili ya makaa. Kazi ya chapati ilinishukia mimi. Nesi alikanda unga kwa maji ya vuguvugu na mafuta, mimi nikawa nasukuma kwa chupa ya soda kwa sababu kifimbo changu kilikuwa kimevunjika, na dada yule akawa anakunja kila donge kama konokono kabla ya kusukumwa tena, upesi hata nikaona aibu. Chapati ya kwanza iliungua. Ya pili waliigawana watoto wakiwa wamesimama. Ilipofika saa sita jua likawa kali, jua la Desemba lisilo na mzaha, basi kijana wa chuo akafunga mashuka mawili kwenye kamba za nguo tukapata kivuli. Watoto wakacheza brikicho nyuma ya matangi. Nesi alikuwa ameleta tawi la mti kwenye debe na kulivika pamba ya dawa, na mjukuu mmoja akauliza pamba ni ya nini. Nesi akamwambia ni theluji. Mtoto akalitazama jua, akamtazama nesi, akaenda zake. Huko theluji inakoanguka, Krismasi ni ya kujifungia ndani karibu na moto. Sisi baridi yetu ni ya Julai, na pamba tumeirithi tu. Ingawa asubuhi ile, mji ukiwa hauna moshi wa magari, tulikuwa tumeuona Mlima Kenya kutoka pale juu, vilele vyake kabisa. Kwa hiyo labda nesi hakukosea sana.

Januari yake, nikisoma kitabu cha Nehemia, nilifika sura ya nane nikaacha kusoma. Watu wamerudi kutoka utumwani, wanasomewa Torati, wanalia. Wanaambiwa wasilie, waende wale kilichonona na wampelekee sehemu yule asiyeandaliwa kitu. Kisha wanatoka kukata matawi na kujenga vibanda, na mstari wa 16 unasema walivijenga wapi: kila mtu juu ya dari ya nyumba yake, na uani, na kwenye uwanja wa lango. Juu ya dari! Nikayakumbuka mashuka yetu.

Sikukuu hiyo ya Vibanda imeagizwa katika Kumbukumbu la Torati sura ya 16, siku saba baada ya mavuno. Humo Mungu haombi watu wafurahi, anawaamuru. Tena anataja kwa orodha watakaofurahi: wewe, mwanao, binti yako, mtumwa wako, mjakazi wako, Mlawi, mgeni, yatima, mjane. (Mke hakutajwa. Labda alikuwa jikoni.) Nilipita kwenye orodha hiyo kwa kidole. Mjakazi, dada wa ghorofa ya nne. Mgeni, kijana wa chuo. Mjane, mama mboga. Yatima walikuwa wale wajukuu. Sisi tulidhani tumeokoteza watu waliokosa basi.

Lakini orodha inaisha na maneno "walio ndani ya malango yako." Na Nairobi, wapendwa, ni mji wa malango. Geti la mtaa, geti la ploti, kimlango cha chuma kwenye ngazi, halafu mlango wako wenye kufuli mbili. Na kwenye geti letu kuna mlinzi, soja wetu, ambaye ndiye hasa hulifungua siku zote, na bado hatukuwa tumemhesabu kati ya wale kumi na watatu.

Si kwamba tulimnyima. Saa nane tulimtuma mwanangu mdogo ashuke ampelekee soja sahani yake, chapati tatu, ndengu na kipande cha kuku, imefunikwa kwa sahani nyingine. Ndivyo tulivyozoea kumfanyia na tulijiona watu wazuri. Mtoto akarudi akasema, "Mama, anakula amesimama." Basi. Hakuwa analaumu mtu, alikuwa anatoa habari. Lakini kuku wangu alikataa kushuka kooni.

Nikashuka.

"Mzee, panda juu ukae na watu."

Akacheka. "Mwalimu, na geti nitamwachia nani?"

Hapo hakuna jibu la kidini. Desemba nyumba zikiwa tupu ndio msimu wa wezi, na kazi ya mtu si kitu cha kuchezea kwa sababu wewe umeguswa moyo. Nikampigia simu mwenye ploti. Nilidhani atakataa. Alinyamaza kidogo, akauliza nani atakaa getini, nikasema mimi. Akasema sawa, lakini niandike kila anayeingia. Soja alikuwa na Krismasi sita pale, zote kwa miguu yake. Alivua kofia, akanipa rungu na daftari la wageni, akapanda ngazi akigeuka nyuma kila baada ya hatua tatu.

Nilikaa getini kwa muda wa saa mbili. Sijawahi kufanya mafungo ya kiroho yaliyonifunza zaidi, na sisemi hivyo kuwapendeza. Kile kiti cha plastiki kimevunjika mguu na kinashikiliwa na jiwe. Ukiegemea kushoto unaanguka. Kuanzia saa nane jua linakupiga usoni moja kwa moja, hamna pa kulikimbia. Kuna redio ndogo iliyofungwa kwa mpira ili betri zisichomoke. Na geti halifiki chini. Kumebaki nafasi ya kama kiganja, na ukiwa umekaa huoni mtu, unaona viatu. Miaka yote nilijiuliza anajuaje ni mimi hata kabla sijabisha. Nilimuuliza baadaye. Akasema, "Mwalimu, kisigino chako cha kulia kimelika upande." Mtu ananijua mpaka kisigino, nami sikujua kwao ni Kitui.

Hilo nilikuja kulijua siku hiyohiyo, kwa sababu nilisikia kutoka huko juu anaimba wimbo wa kwao, sauti nene iliyonishangaza, na watoto wakipiga makofi nje ya mdundo. Halafu kicheko. Nilikuwa nimekosa chapati, nimekosa wimbo, nimeungua pua, na furaha ile ya amri ilikuwa ghorofa tano juu yangu. Lakini ilikuwa yangu. Sijui niielezeje vizuri zaidi. Kupeleka sahani ni vizuri, Nehemia ameagiza hivyo. Torati imeongeza jingine: mle pamoja. Na ili yule wa getini ale pamoja, lazima mmoja wetu ashuke akae kwenye kile kiti.

Nikiwa pale mwanamume mmoja alifika na soda mbili, akitafuta nyumba ya rafiki ambaye, nilimweleza, yuko Kisii. Akasikia wimbo. Akauliza, "Huko juu nani anafanya sherehe?"

Nikamwambia soja. Akapanda na soda zake. Nikamwandika daftarini.

Kesho yake tuliwapeleka watoto msitu wa Karura, hapahapa Nairobi. Nawashauri mwende, wiki hiyo barabara ni tupu na unafika kabla mtoto hajauliza tumefika. Mna njia za kutembea chini ya miti, mna maporomoko ya maji, mna mapango waliyojifichia Mau Mau. Niliwaonyesha watoto geti pia, maana bado nilikuwa na ugonjwa wa mageti. Mwaka 1998 msitu huo ulikuwa umeanza kumegwa viwanja vya majumba. Wangari Maathai, mtetezi wa mazingira aliyesomeshwa na masista wa Loreto kule Limuru, alikwenda na wenzake kupanda miche, na Januari 1999 walipigwa getini, akapasuliwa kichwa. Alirudi. Leo mtoto wa Umoja anakula ndizi chini ya mti pale bila kujua, na sidhani mama huyo angetaka mtoto aharibiwe ndizi yake kwa hotuba. Nilisema machache, nikawaacha wakimbie. Soja wetu hakuja nasi. Alikuwa zamu.

Mwaka huu sisafiri, na safari hii si kwa sababu ya basi. Nyanya yao ndiye anayekuja, amesema anataka kuona hilo paa. Kwa wanajumuiya mtakaobaki mjini: tunakutana juu ya paa letu tarehe 25, saa sita, baada ya Misa ya pili. Kila mtu aje na shuka moja la kivuli na kiti chake, unga tunao. Muangalie ndani ya malango yenu pia, kuna dada ameachiwa nyumba, kuna mgonjwa hospitalini ambaye ndugu zake wote wako ushago na saa za kutembelea wagonjwa zinampita kimya. Msije peke yenu.

Zamu za geti nimezipanga hivi. Saa sita hadi saa nane ni mwenye ploti mwenyewe. Alipiga simu akaiomba. Saa nane hadi saa kumi ni mimi, jua hilo nimeshalizoea. Saa kumi hadi kumi na mbili bado hakuna mtu. Kiti tumekitengeneza.