Siku yangu stoo ya maafa, Chake Chake, Pemba: ufunguo, panya na turubai za harusi

Saa 11 alfajiri nshaamka. Nikitoka msikitini kitu cha kwanza natazama mbingu, cha pili simu, nione watu wa hali ya hewa wamesema nini. Mie mtunza stoo, na stoo yenyewe haina mchele wala saruji, ina vitu vya maafa: turubai, mablanketi, madumu, vyandarua, sufuria, vidonge vya kusafishia maji. Masika yako mlangoni kwa hivyo leo ni siku ya kuhesabu kila kitu.

Saa 1 na nusu chai na muhogo wa kuchemsha, natia funguo mfukoni napanda Vespa. Funguo mbili leo, wangu na mmoja mpya wa kumpelekea sheha, kiongozi wetu wa mtaa. Mwaka mmoja mvua ilishuka usiku, nyumba za bondeni zimejaa maji, na ufunguo ulikuwa mmoja tu na aliyekuwa nao kaenda Unguja harusini. Tulivunja kufuli kwa nyundo saa 9 usiku huku tunarowa, vitu viko ndani vimepangwa vizuuri, na sisi tuko nje.

Saa 2 nafungua. Pua ndo inaanza kazi kabla ya macho. Ukisikia ukungu ujue kuna bati linavuja, ukisikia mkojo wa panya ushajua mwenyewe, na koo ikiwasha basi ndoo ya klorini ya unga mfuniko umelegea, ile haikai karibu na mafuta wala vyakula wala kitu cha chuma, inakula chuma kama kutu yenye njaa. Leo nimesikia panya.

Basi tukaanza kukunjua turubai na kijana wangu, moja baada ya moja, mita 4 kwa 6. Ya tatu tumeikunjua tukakuta matundu manane, yamejipanga mstari kama mtu kapiga misumari kwa kupima. Panya katoboa mara moja tu yakhe! Turubai ikiwa imekunjwa anapita tabaka zote kwa safari moja, ukija kuifungua juu ya paa la mtu umemjengea chujio. Na hizi zilikuwa juu ya chaga, mbali na ukuta, kila kitu kwa utaratibu, ila kuna mtu kaacha mfuko wa biskuti pembeni. Sitaji nani, yumo humu anasoma.

Saa 5 tumeingia kwenye madumu na vidonge. Watu huona dumu tupu ni kitu cha kuchekesha kuweka stoo, lakini piga hesabu: kipimo kinachotumika kwenye maafa ni lita 15 kwa mtu kwa siku, nyumba ya watu 5 ni lita 75, karibu madumu manne ya lita 20 kila siku, na visima vikishaingia maji ya vyoo hapo kipindupindu hakibishi hodi. Kidonge cha dumu la lita 20 unatia kimoja, unasubiri nusu saa. Boksi moja nimelikuta limebakisha miezi mitatu kuekspaya na lilikuwa nyuma kabisa, nimelileta mbele kwa sababu kinachokufa mwanzo ndo kitoke mwanzo, hata kama kimekuja mwisho.

Saa 8 kaja bi mkubwa mmoja jirani. "Mwanangu, Ijumaa tuna harusi, nipe turubai mbili tu, Jumamosi asubuhi nakurejeshea." Nikamwambia shikamoo bibi, zile si zangu. "Marahaba. Ni za nani basi, mvua yenyewe iko wapi?" Nimekosa jibu la heshima. Kaondoka kanuna na mie najua pilau ya Ijumaa sitaiona.

Lakini suala kama hilo huulizwa na wakubwa pia, kwa nini tusiweke vyote Unguja vikihitajika viletwe. Wazee hapa wanapenda kukumbusha kimbunga cha 1872 kilichong'oa mikarafuu ya Unguja, Pemba ikasalimika, basi watu wanajiona kama tuna mkataba na upepo. Mwezi wa 5 mwaka 2024 kimbunga Hidaya kilipokuja kikapiga Mafia, boti za Dar na Unguja zilisimamishwa. Bahari ikishafungwa, kilichopo Pemba ndo kilichopo, na watu wa visiwa vidogo vya pembeni, Kisiwa Panza na Kojani, wao bado wana maji mengine ya kuvuka.

Saa 10 alasiri kwa sheha. Tukapitia orodha ya wazee wanaoishi peke yao na wagonjwa, tukabishana sana kuhusu skuli ipi watu wahamie, yeye anataka ya karibu, mie nasema ile ya karibu ndo inayojaa maji mwanzo, mpaka ikaletwa kahawa na kashata na mazungumzo yakahamia bei ya karafuu.

Saa 4 usiku nimelala, nasikia matone ya mwanzo juu ya bati. Mke wangu kaniuliza, "Ule ufunguo wa sheha ushampa?" Nikanyoosha mkono kwenye suruali iliyotundikwa mlangoni. Funguo mbili.