Lushoto kwa gari la kukodi: gia ndogo ilivyoniokoa mteremkoni

Nilikodi gari dogo la otomatiki mjini Tanga kwa siku tatu, kwa karibu laki tatu, mafuta juu yangu. Mji wa Lushoto wenyewe, ambao Wajerumani waliuita Wilhelmstal kwa kumuenzi mfalme wao, ni mdogo na una bustani na miti mikubwa unayoweza kuifurahia kwa miguu. Gari unalihitaji kwa ajili ya milima ya Usambara inayouzunguka. Kilele cha Irente tulikifikia bila shida, na kuitazama nyika kule chini kulinitosha kwa siku nzima.

Kinachoniudhi hadi leo ni ushauri wa mwenye gari, mtu mzima niliyemwamini: "Mwanangu, ukiteremka weka gia huru, mafuta yatakubakia." Siku ya pili, nikirudi kutoka Magamba, nilimtii: injini ikaacha kulishika gari, kazi yote ikabaki kwa breki. Kona ya tatu nilisikia harufu ya kitu kinachoungua. Kona ya tano pedali ya breki ilizama chini ya mguu wangu kama ninakanyaga sifongo, na moshi mwembamba ukatoka gurudumu la mbele. Nililiegemeza gari kwenye kingo ya mlima likasimama, nikaweka jiwe nyuma ya gurudumu na jingine mbele. Kijana mmoja alinijia na ndoo ya maji, lakini dereva wa lori la kabichi aliyesimama kutusaidia akamzuia kwa sauti kali, kwa sababu chuma chenye moto mkali kikimwagiwa maji ya baridi hupinda au kupasuka. Kisha akanigeukia: "Ndugu yangu, gia uliyopandia ndiyo ya kushukia."

Tulisubiri kama saa nzima mpaka breki zikapoa na pedali ikarudi kuwa ngumu. Siku ya kuondoka, kabla ya kuanza zile kilomita 33 za kushuka hadi Mombo, nilitoa gia kwenye D, ile ya kwendea kawaida, nikaiweka 2, na penye mteremko mkali zaidi nikaiweka L, iliyo ndogo kabisa. Injini ilivuma kwa nguvu ikalishika gari, mguu wangu ukagusa breki kwenye kona tu, ambako pia nilipiga honi, maana barabara ni nyembamba na mabasi hayakuoni. Nilisimama Soni kununua matunda kwa mama mmoja kando ya barabara, na kabla ya kumlipa nikakisogeza kiganja karibu na rimu ya mbele. Ilikuwa vuguvugu tu.