Kuhamisha bano na mkono wa usukani kutoka mashine kuukuu kwenda mpya

Mashine mbili za boti zinaweza kuwa za chapa moja, zote HP 15, na bano la moja, yaani kipande kinachoishika mashine kwenye ubao wa nyuma wa boti, lisiingie kwenye nyingine. Tustroki (mashine ya mapigo mawili) ya HP 15 ina takriban kilo 36, na fostroki (ya mapigo manne) ya nguvu hiyohiyo huzidi kilo 50. Kwa uzito huo, aliyeisanifu fostroki ameongeza unene wa bano, bolti na mipira ya maunti (viungo vinavyoishika mashine kwenye bano).

Kwa hiyo kabla ya kushika spana, shika tepu na venia (kipimio cha unene). Pima kutoka katikati ya bolti za maunti za juu hadi katikati ya zile za chini, kisha nafasi kati ya bolti mbili za juu, kisha unene wa bolti zenyewe. Zikipishana hata milimita 2, usipanue tundu kwa tupa. Boti ikienda mbele, propela inausukuma mbele mguu, yaani sehemu ya mashine inayozama majini, na kichwa cha mashine kinavutwa nyuma, kwa hiyo bolti za juu ndizo zinazobeba mvuto. Tundu lililopanuliwa huifanya bolti icheze, na bolti inayocheza hukatika, mara nyingi mashine ikiwa imepewa moto wote.

Vipimo vikikubali, shughuli kubwa ni nguzo ya usukani, ile inayozunguka ndani ya bano. Kwenye mashine kuukuu huwa imeganda. Wengi hudhani ni kutu ya chuma. Kumbe chumvi imeila alumini, unga mweupe umejaa nyuma ya bushi za plastiki (pete ambazo nguzo huzungukia ndani yake), nao unazibana bushi kwenye nguzo. Ukipiga nyundo, bano linapasuka. Mwagia maji yanayochemka, zungusha kidogo kidogo kulia na kushoto, rudia hadi itoke. Kwangua ule unga wote mpaka alumini ing'ae, kisha weka bushi mpya. Bushi kuukuu usizirudishe hata kama zinaonekana nzima. Pampu grisi ya baharini kwenye nipo (chuchu ya kuingizia grisi) hadi itokeze juu na chini.

Kuna kitu ambacho husahaulika sana: kufuli ya rivasi. Kwenye mashine za kuinua kwa mkono, kuna ndoano kwenye bano inayoshika pini mashine ikiwa rivasi, na fimbo yake imeunganishwa na gia. Ukihamisha bano ukaiacha fimbo, au urefu wake usilingane, ukitia rivasi na kuongeza moto mashine itaruka juu kutoka majini. Jaribu nchi kavu: tia rivasi, vuta mguu kwa nguvu. Ukiinuka, hujamaliza kazi.

Mkono wa usukani nao una mambo yake. Waya za akselereta (za kuongeza na kupunguza moto) huwa mbili, moja ya kuvuta na nyingine ya kurudisha, na mwendo wake hutofautiana kati ya kabureta za kale na za sasa. Zungusha hadi mwisho uone kama wenzo wa kabureta umegusa kizuizi chake, kisha achia uone kama umerudi kabisa. Soketi za swichi ya kuzima zikikataa kuingiliana, usikate nyaya na kuzisokota kwa mkono, maana chumvi itazila na siku ya kuzima mashine haitazima.

Kwa boti za usukani wa gurudumu, kebo ya usukani ya kawaida hupita kwenye bomba lenye tundu la inchi 5/8. Bano lisilo na bomba hilo halifai hapo.

Mashine kubwa zinazofungwa kwa bolti nyingi hufuata vipimo vya pamoja: tundu za juu zimeachana milimita 327, za chini 251, bolti za milimita 12. Tundu za zamani kwenye ubao wa tezi, yaani ubao wa nyuma wa boti, zizibe kwa gundi ya epoksi kwanza, maji yasiozeshe mbao.

Mwisho, washa mashine ikiwa nyutro, propela ikiwa majini, geuza usukani kutoka kona hadi kona. Mlio ukipanda au kushuka, waya wa akselereta umebanwa mahali. Zima, uupitishe upya.