Kipande cha boksi nyuma ya bawaba

Nyumba tuliyopanga Tanga ilikuwa na mlango wa mbele uliokwaruza sakafu kila masika. Si mlango mzima, ni ile kona ya chini upande wa kitasa. Kaka akaazima randa kwa fundi wa mtaani, akaanza kutafuta wa kumsaidia kuung'oa.

Babu jirani yetu, seremala mstaafu, akapita.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Randa ya nini?"

"Mlango unagusa chini, tunaupunguza."

"Upunguzeni. Kiangazi mbao ikikauka, panya wataingia bila hodi."

Hakuigusa randa. Alitazama uwazi kati ya mlango na mwimo. Juu, kwenye bawaba, kidole kiliingia. Chini, hata karatasi isingepita. Aliyeufunga alikuwa amechimba kishimo cha bawaba ya chini kupita kiasi, kwa hiyo mlango mzima ulilalia upande wa kitasa.

Akaomba boksi la sabuni na mkasi. Alikata kipande cha ukubwa wa bawaba, akakitoboa kwa msumari penye matundu ya skurubu. Kisha akagonga kabari ya mbao chini ya ile kona mpaka uzito ukakaa juu yake, akafungua bawaba ya chini peke yake upande wa mwimo, akachomeka boksi, akakaza. Ukagusa bado, kwa mbali. Akaongeza kipande cha pili. Ukapita.

Kaka alishangaa: kona iko huku, dawa imewekwa kule! Lakini ukisukuma sehemu ya chini ya mlango kutoka kwenye mwimo, mlango unazungukia bawaba ya juu, na upande wa kitasa unapanda. Baadaye nilipiga hesabu: mlango wa upana wa sentimita 80, bawaba zikiachana sentimita 160, ukiweka unene wa milimita 2 kona inapanda kama milimita 1. Ndiyo maana kipande kimoja hakikutosha. Mimi siku hizi hukata plastiki ya kopo, maana boksi likipata maji hulainika na kubonyea.

Babu alikataa hela, akakubali kahawa. Aliyenung'unika ni mama. Kumbe ule mkwaruzo ndio uliokuwa ukimwamsha yeye kila kaka aliporudi usiku wa manane. Tangu hapo funguo zikahamia chini ya mto wa mama.